Papa mkubwa ubavuni mwa boti: dalili za tatizo, visababishi na la kufanya

Mwongozo huu unahusu papa warefu kuliko mtu mzima wanaonaswa kwa fimbo na mshipi kutoka kwenye boti za uvuvi wa michezo, na mifano yake inatoka katika maji ya Malindi, Watamu, Kilifi na mkondo wa Pemba, ambako msimu wa kaskazi hutoa boti nyingi kwenda kutafuta sulisuli, nduaro na jodari. Papa wengi hapa hawatafutwi. Hujileta wenyewe kwa kufuata chambo au kumnyakua jodari aliyekwisha kunaswa, na ndiyo maana matatizo yaleyale hujirudia: wafanyakazi wa boti wamejiandaa kwa samaki wa kilo 30, nao wanajikuta na papa-chui wa mita 4 ambaye huweza kuzidi kilo 300.

Kazi inayozungumziwa ni kumleta papa ubavuni, kumtambua, kumwondolea ndoana au kukata waya unaounganisha ndoana na mshipi, kisha kumwachia, naye akiwa majini muda wote. Kumpandisha botini si sehemu ya kazi hii. Papa hana mbavu za kushikilia viungo vyake vya ndani, kwa hiyo huumia anapoinuliwa nje ya maji hata kama anaonekana mzima anaporudishwa, na watu walio kwenye sitaha ndogo hawana pa kukimbilia. Sheria nayo inahusika. Azimio la mwaka 2012 la Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama, linataka papa wa mkia mrefu waachiwe wakiwa hai na wavuvi wa michezo wawe na vifaa vya kufanyia hivyo, na katika hifadhi za taifa za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, uvuvi hauruhusiwi kabisa.

Vifaa vyenyewe si vingi: koleo refu linaloweza kukata ndoana na si waya peke yake, kisu chenye ncha butu na makali mazuri, glavu nene, na fimbo ndefu ya kutolea ndoana. Muhimu zaidi ni mahali vilipo. Mshika waya, yaani mtu anayeushika waya kwa mkono papa anapofika ubavuni, anapaswa kuvifikia bila kupiga hatua hata moja, maana koleo lililofungiwa ndani ya kabati la omoni, mbele ya boti, ni sawa na koleo lililoachwa nyumbani.

Mshipi umekatika kabla papa hajaonekana

Usitupe ncha ya mshipi iliyorudi. Ipitishe kati ya vidole na uitazame kwenye mwanga, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha kisababishi.

Kisababishi cha kawaida kuliko vyote ni ngozi ya papa yenyewe, ambayo hukwaruza kama msasa. Ikiwa nailoni imepauka na kuwa na mikwaruzo kwa urefu wa mita moja au zaidi kabla ya mahali ilipokatikia, papa alijiviringisha, au mkia wake ulikuwa ukiipiga kila alipoogelea. Dawa yake ni waya na nailoni nene ambavyo, vikiunganishwa, ni virefu kuliko samaki mwenyewe. Kanuni za IGFA, shirika linalosimamia rekodi za uvuvi wa michezo duniani, zinaruhusu kwa mishipi yenye nguvu inayozidi ratili 20 (takriban kilo 9) kipande cha mbele cha hadi mita 9.14, na kikijumlishwa na mshipi uliokunjwa mara mbili jumla isizidi mita 12.19. Hata asiyejali rekodi atapata kipimo kizuri humo.

Ncha iliyojikunja kama inataka kujisokota inaonyesha fundo lililoteleza. Lowesha fundo kabla ya kulikaza, na ulifunge upya kila baada ya samaki mkubwa, hata likionekana zima. Ncha iliyovutika na kuwa nyembamba ni ya mshipi ulioelemewa na breki ya rili, yaani gurudumu linalokunjia mshipi. Hapa watu wengi hukisia kwa mkono, ilhali mizani ya kuning'iniza inatosha kumaliza ubishi: breki ipimwe bandarini, mshipi ukiwa umepitishwa kwenye fimbo, na isizidi theluthi moja ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa ratili 80, yaani takriban kilo 36, hiyo ni kilo 12 na si zaidi. Kumbuka pia kwamba kadiri mshipi unavyotoka na duara lililobaki kwenye rili kupungua, ndivyo uzito anaouvuta samaki unavyoongezeka, ingawa hakuna aliyegusa breki. Duara likibaki nusu, uzito huo hufikia mara mbili. Kwa hiyo anayekaza breki papa anapokimbia mbali anafanya kinyume cha kinachotakiwa.

Sababu mbili zilizobaki hutokea mara chache. Waya wa uzi mmoja hukatikia mahali ulipojipinda, kwa hiyo waya wenye kipindo hata kidogo utupwe, usinyooshwe. Pete za fimbo zikiwa na ufa hukata mshipi taratibu. Pitisha pamba ndani ya kila pete na uangalie kama nyuzi zake zinanasa. Kama hayo yote yako sawa na bado mshipi unakatika kwa mshtuko, breki ya rili huenda inaruka-ruka badala ya kuachia kwa ulaini. Usiifungue ukiwa baharini. Ipeleke kwa fundi wa rili, kwani ndani yake kuna visahani vya breki ambavyo vikipata grisi isiyofaa au vikipangwa vibaya hufunga ghafla, na breki inayofunga ghafla huweza kumtupa mtu majini.

Papa amezama chini ya boti na hainuki

Mara nyingi tatizo si nguvu ya papa bali ni mahali boti ilipo. Boti ikikaa juu yake hasa, mshipi hushuka wima, mvuvi anainua uzito mfu, na papa anapumzika kila mvuvi anapopumzika. Kwanza hisi fimbo: mapigo ya mkia yakisikika, papa yu hai na anaogelea; ukivuta na kusikia ugumu usiobadilika kabisa, mshipi huenda umenasa mwambani; na uzito unaokuja kidogo kidogo bila pigo lolote huweza kuwa papa aliyekufa au aliyefungwa mkia, jambo ambalo lina sehemu yake hapa chini.

Kwa papa aliye hai, punguza breki kidogo, kisha nahodha asogeze boti mbele polepole kwa mita 40 au 50, mshipi ukitoka, halafu mvuvi avute kwa mshazari. Pembe hiyo humgeuza papa kichwa na kumfanya aogelee kuja juu badala ya kulalia mshipi. Ikishindikana, boti izunguke nusu duara upande wa pili na ijaribu tena. Huu ni uendeshaji zaidi ya uvutaji, na nahodha mzuri huokoa nusu ya muda.

Muda una uzito mkubwa kwa sababu papa hawafanani. Papa-chui huvumilia mapambano marefu kiasi, ila pingusi, yule mwenye kichwa cha nyundo, huchoka hadi damu yake kuharibika, na anaweza kufa saa kadhaa baada ya kuogelea zake vizuri machoni pa watu. Kwa maoni yangu, papa yeyote ambaye hajaonekana baada ya saa moja kwa vifaa vinavyomfaa anapaswa kukatiwa mshipi, na pingusi apewe muda mfupi zaidi. Nikiulizwa kuhusu mpaka wa binadamu, nitasema ni mfupi kuliko wa samaki: mvuvi aliyeacha kutoka jasho, anayetapika, au anayejibu maswali kwa kuchanganyikiwa amekwisha kupatwa na madhara ya joto. Akatiwe mshipi papo hapo, awekwe kivulini, apoozwe kwa maji, na boti irudi pwani.

Papa amefika ubavuni akiwa bado na nguvu zote

Sehemu kubwa ya majeraha hutokea hapa, katika mita chache za mwisho, nayo hutokea zaidi kwa wale waliofurahi kwamba kazi imekuwa rahisi. Papa-chui ana tabia ya kuifuata boti kwa udadisi, akija taratibu kana kwamba hajui amenaswa, mpaka aguswe waya. Basi kisababishi cha kwanza cha papa mwenye nguvu ubavuni ni haraka: ama boti ilirudishwa nyuma kwa kasi kumfuata, ama alikuja mwenyewe na watu wakadhani amechoka. Kipimo rahisi ni kumtazama anavyoelea. Papa aliyechoka hukaa karibu na uso wa maji, hupiga mkia polepole, na hugeuka boti inapogeuka. Anayekaa mita chache chini, akipishana na boti na kubadilisha upande atakavyo, hajachoka, na asiguswe. Mwachie aende tena, mshipi ukitoka kwa breki ileile, hata mara mbili au tatu.

Kisababishi cha pili ni boti kusimama. Ikikaa katika gia huru, papa hupita chini yake, na mshipi hukatikia kwenye mkuku (uti wa chini ya boti) au hujifunga kwenye rafadha (panga la injini). Boti iende mbele polepole, kwa kasi ya kutembea, papa akiwa upande ambao nahodha anamwona kutoka usukani. Kwa wanaovua wakiwa wametia nanga, kamba ya nanga inapaswa kuwa na boya mwishoni ili iachwe mara moja na kufuatwa baadaye. Papa aliyezunguka kamba ya nanga hana dawa nyingine ila kukatiwa.

Cha tatu ni jinsi waya unavyoshikwa, na hapa nitakaa zaidi. Mshika waya huvaa glavu, husimama magoti yameegemea ukuta wa boti, na huushika waya kwa namna ambayo kufungua kiganja peke yake kunatosha kuuachia. Kuuzungusha mkononi mara kadhaa kwa kufunga, au kuufunga kwenye chuma chochote, ni kujifunga kwenye samaki. Mwaka 1994, katika maji ya North Carolina nchini Marekani, mfanyakazi wa boti aliyekuwa ameshika waya wa nduaro alivutwa majini na hakuonekana tena, na papa hana sababu ya kuwa mpole kuliko nduaro. Waya unaokwisha kuvutwa ndani usiachwe miguuni, kwa kuwa papa akizama duara lake hukaza kwenye kifundo cha mguu kabla mtu hajaangalia chini. Utupwe majini, nyuma ya mshika waya, mbali na rafadha. Wakati huohuo mvuvi apunguze breki kiasi, si kuifungua kabisa, ili waya ukiachiwa mshipi utoke bila kukatika na bila kuchafukana kwenye rili.

Mvuvi mwenyewe, akiwa amevaa mikanda inayomuunganisha na rili, yumo hatarini kama mshika waya. Vifungo vya mikanda hiyo viwe vya kufunguka kwa mkono mmoja, vijaribiwe bandarini na mtu atakayevivaa, na nyuma yake asimame mtu mwenye kisu ambaye hana kazi nyingine. Wapiga picha wakae upande mwingine. Picha nyingi nzuri za papa hupigwa kutoka juu, karibu na nahodha, na hakuna iliyowahi kuharibika kwa kupigwa kutoka mbali kidogo.

Papa wa aina ya mako ni kisa cha peke yake. Huyu huruka, na huruka juu sana, wakati mwingine akielekea boti. Dalili inayotangulia ni pembe ya mshipi: ukiwa umeelekea chini kisha ukaanza kupanda haraka kuja usawa wa maji, papa anakuja juu kwa kasi. Nahodha asogeze boti mbele mara moja na kila mtu aondoke kwenye ukuta. Mako asiletwe ubavuni mpaka awe amekwisha kuruka na kuchoka.

Acha na ukate waya bila kusubiri amri ya pili ikiwa papa ameanza kujizungusha akiwa ameshikwa, ikiwa mawimbi yanamrusha kichwa juu ya ukuta wa boti, au ikiwa hakuna mtu botini aliyewahi kushika waya wa samaki mkubwa. Kujifunzia kwa papa-chui hakufai. Siku ya kujifunza, ajiriwe nahodha anayeifanya kazi hiyo kila msimu, naye asimame karibu.

Ndoana haionekani mdomoni

Ikiwa waya unaingia kooni na kupotea, ndoana imemezwa. Sababu inayoongoza ni ndoana ya umbo la J pamoja na chambo cha samaki halisi. Inayofuata ni mvuvi kusubiri mno kabla ya kuanza kuvuta. Na ya tatu, kwa wanaotumia ndoana za duara, ni kuipiga fimbo kwa nguvu kama walivyozoea na ndoana nyingine. Ndoana ya duara haipigwi. Mshipi unakazwa taratibu papa anapoondoka, nayo hujigeuza na kushika kwenye pembe ya taya. Marekani imezifanya ndoana za duara zisizopinda upande, na zisizo za chuma kisichoshika kutu, kuwa sharti kwa wavuvi wa burudani wanaotafuta papa kwa chambo halisi katika sehemu kubwa ya maji yake ya shirikisho ya Atlantiki tangu mwaka 2018. Hakuna haja ya kungoja sharti kama hilo lije kwetu ndipo tubadilishe ndoana.

Ndoana iliyomezwa haichimbuliwi. Vuta waya taratibu mpaka kichwa kikae sawa na ukuta, kisha kata karibu na mdomo kadiri koleo refu linavyofika, kipande kinachobaki kiwe kifupi kuliko kiganja. Ndoana ya chuma cha kawaida itashika kutu kwa muda. Ikiwa inaonekana kwenye pembe ya taya, jaribu fimbo ya kutolea mara moja au mbili, au kata mpindo wa ndoana kwa koleo ili vipande vianguke. Mkono usiingie mdomoni kwa sababu yoyote ile, hata papa akiwa amelegea, hata taya zikiwa wazi.

Papa anakuja akitanguliza mkia

Kisababishi cha kawaida ni waya mfupi uliomruhusu kujiviringisha na kufungwa mkia. Kwa papa wa mkia mrefu sababu ni nyingine: yeye hupiga mawindo kwa mkia, kwa hiyo hunaswa mkiani tangu mwanzo. Hatari ni ileile. Maji hupita vizuri kwenye matamvua papa anapokwenda mbele, kwa hiyo anayeburutwa kinyumenyume huzama kama mnyama wa nchi kavu, na kadiri mvuvi anavyovuta kwa nguvu ndivyo anavyomuua haraka.

Kinachotakiwa kwanza ni kuacha kuvuta. Legeza breki, mpe nafasi ya kugeuka na kuogelea, na mara nyingine mzunguko mmoja hujifungua wenyewe. Asipofunguka, boti imfikie yeye badala ya yeye kuvutwa kwenye boti, kisha waya ukatwe karibu na ndoana ikiwa inafikika, na upande wa pili uvutwe polepole uteleze kutoka mwilini. Usikate upande wa mvuvi kwanza halafu ukamwacha papa na mizunguko mwilini, kwa maana waya huo humkata taratibu kila anapokua na kuogelea.

Boti imelala upande mmoja, au maji yanaingia tezini (nyuma ya boti)

Kagua watu kwanza. Katika boti ya mita 7 au 8, watu watano wakikimbilia ubavu mmoja kumwona papa hutosha kuishusha, na papa akivuta wakati huohuo upande uleule, mambo huharibika haraka. Warudi katikati na wakae chini. Sababu inayofuata ni kurudi nyuma dhidi ya mawimbi. Nahodha aweke gia ya mbele, na omo ielekezwe kwenye wimbi hata kama hilo lina maana ya kupoteza mshipi. Sababu ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote ingawa si ya kila siku, nayo ni papa kufungwa kamba mkiani na kamba kuwekwa kwenye chuma cha boti. Fundo lililobeba kilo 300 halifunguliki kwa vidole. Kata kamba, usijadiliane.

Baada ya hapo ndipo uangalie ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, kwa kuwa maji yanayoonekana sitahani mara nyingi ni machache kuliko yaliyo chini yake. Kila mtu avae jaketi la uokozi kabla pampu haijawashwa, si baada. Ikiwa maji yanaendelea kupanda pampu ikiwa inafanya kazi, achana na uvuvi wote na utangaze hali ya dharura kwenye redio ya VHF, chaneli 16, ukitaja jina la boti, mahali ilipo kwa vipimo vya GPS, idadi ya watu na aina ya tatizo. Simu ya mkononi isiwe tegemeo la kwanza, kwa sababu nje ya miamba mtandao hupotea bila taarifa.

Papa ameachiwa lakini haogelei

Kama hajakatiwa waya bado, shukuru na usikate. Papa anayeonekana dhaifu ana nafasi nzuri zaidi akiwa ameshikiliwa kichwa mbele, sambamba na boti inayokwenda polepole sana, fundo moja au mawili, yaani kama kilomita mbili hadi nne kwa saa, ili maji yapite mdomoni na kutoka kwenye matamvua. Matamvua yakianza kujifungua na kujifunga kwa mpangilio na mkia ukaanza kusukuma, kata. Kumsukuma mbele na nyuma, jambo ambalo watu hulifanya kwa nia njema, hakumsaidii, kwa kuwa mwendo wa nyuma hauleti maji panapotakiwa.

Visababishi, kwa mpangilio wa kawaida, ni mapambano marefu kwa vifaa vyepesi, aina ya papa, kuburutwa kinyumenyume, na matamvua yaliyojeruhiwa na waya au kulabu, chuma chenye ncha cha kunasia samaki ubavuni. Kulabu haina kazi kwa papa atakayeachiwa. Papa aliyegeuka tumbo juu na kulegea huenda hajafa: baadhi yao huingia katika usingizi wa aina fulani wakiwekwa hivyo, na huamka bila onyo, kwa hiyo asishikwe pezi wala mkia kwa mkono. Mtu asiingie majini kumsaidia. Wakitokea papa wengine kumzunguka, kazi imekwisha. Kata na uondoke mahali hapo.

Boti zinazoshirikiana na shirika la African Billfish Foundation la Watamu katika kuwawekea samaki alama za utafiti zifanye hivyo kabla ya kukata waya, kwenye msuli ulio chini ya pezi la mgongoni, na kwa papa aliyetulia tu. Urefu unakadiriwa kwa alama zilizochorwa ukutani mwa boti, si kwa kumnyoosha.

Papa ameruka na kuangukia ndani ya boti

Hutokea kwa nadra, karibu kila mara kwa mako. Usimrukie, usimpige, usijaribu kumfunga. Kila mtu aende omoni au apande juu, injini iwekwe gia huru, na mshipi ukatwe kutoka mbali. Atajipiga kwa dakika kadhaa na kuvunja vitu, viache vivunjike. Akitulia, mfunike macho kwa taulo lililoloa ukitumia fimbo ndefu, na ikiwa ni mdogo wa kusukumwa kwa mbao kupitia mlango wa tezini, asukumwe. Akiwa mkubwa zaidi ya hapo, omba msaada kwa redio na uelekee bandarini watu wakiwa mbali naye.

Mtu amejeruhiwa

Kata mshipi kwanza, hata kama samaki ni wa ndoto, kwa sababu hakuna atakayeweza kumhudumia majeruhi na papa kwa wakati mmoja. Damu nyingi hubanwa moja kwa moja juu ya jeraha kwa kitambaa safi na uzito wa mwili, bila kuinua mara kwa mara kutazama. Damu inayoruka kwa mapigo kutoka mkononi au mguuni, na isiyosimama kwa kubanwa, inahitaji mkanda wa kubana damu uliofungwa juu ya jeraha, kati yake na kiwiliwili, na ukakazwa mpaka damu ikome. Saa ya kuufunga iandikwe mahali panapoonekana, na usilegezwe tena mpaka kwa daktari. Majeruhi alazwe, afunikwe asipoe, asipewe chakula. Tangazo la dharura kwenye chaneli 16 litolewe na mtu mmoja huku wengine wakibana. Kituo cha Uratibu wa Uokoaji Baharini cha Mombasa, kinachofanya kazi tangu mwaka 2006, hupokea miito ya aina hii kwa eneo lote la jirani.

Majeraha madogo hudharauliwa na ndiyo yanayorudi kwa ubaya. Mkato wa waya kwenye kidole huweza kuwa umefika kwenye kano. Mtu asiyeweza kukunja kidole baada ya damu kusimama aende hospitali siku hiyohiyo. Jeraha la jino la papa, hata la papa aliyekufa, lioshwe kwa maji mengi safi na lionwe na mhudumu wa afya, ambaye pia ataangalia kama chanjo ya pepopunda inahitajika. Ndoana kubwa iliyoingia mkononi haivutwi ilikoingilia: kata waya, ifunge isitikisike, na mwachie daktari. Ikiwa imeingia karibu na jicho au shingoni, iachwe kama ilivyo, ifunikwe kwa kikombe safi kisichoigusa, majeruhi akae kitako bila kuinama, na boti irudi kwa mwendo ambao mawimbi hayatamrusha.